Muulize Wakala: Simu Ikiwa Sikioni

Kwa msomaji aliyetua kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi si mwanasheria wala mtu wa benki. Nilikaa miaka kumi na mmoja nyuma ya dirisha la kibanda cha kuweka na kutoa hela pale Ng'ong'ona, Dodoma, mtaa ambao nusu ya wapangaji wake ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Siku hizi kibanda anaendesha mdogo wangu, mimi nimebaki na miwani, mgongo unaouma na barua zenu. Mwezi huu bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu ya wanafunzi, limetoka, na matapeli nao wanajua kalenda ya Bodi ya Mikopo kuliko wanafunzi wenyewe. Barua ni nyingi. Nimechagua tano.

*

*Shikamoo Mama Wakala. Mimi ni binti wa mwaka wa kwanza. Siku mbili baada ya kusaini bumu alinipigia kaka mmoja akasema anatoka Bodi ya Mikopo. Alitaja majina yangu matatu, kozi yangu na chuo. Akasema malipo yangu yameingia mara mbili kimakosa, nisipohakiki ndani ya dakika tano jina langu linatolewa kwenye mfumo. Akaniongoza nibonyeze nini na nini. Mama, sikumpa namba yangu ya siri hata mara moja, lakini shilingi 385,000 zimeondoka. Wenzangu chumbani wanasema lazima nilimtajia, ila naona aibu kusema. Zimeondokaje?*

Marahaba mwanangu. Nakuamini. Hukumtajia, na hakuhitaji umtajie.

Tuanze na majina matatu, maana hapo ndipo alipokushika. Chukua simu yako sasa hivi, anza kutuma shilingi elfu moja kwa namba yoyote. Kabla hela haijatoka, skrini inakuonyesha jina la mwenye namba. Ghairi. Umelipata jina na hujatumia hata senti. Tapeli anafanya hivyo kwa namba mia kwa siku, anaandika kwenye daftari. Kozi na chuo kavitoa kwenye yale magrupu ya WhatsApp ya "mwaka wa kwanza tufahamiane", ambako kila mgeni anaambiwa ajaze jina, kozi, namba ya simu na hosteli. Mwanangu wa kumzaa alijaza orodha ya namna hiyo. Nilipomuuliza nani aliianzisha, hajui.

Sasa zilivyoondoka. Mazungumzo haya nimeyasikia dirishani zaidi ya mara ishirini, sauti ya simu ikiwa juu, kwa hiyo nakuandikia karibu neno kwa neno. Kwanza anakuuliza, "Salio lako linasoma ngapi, tulinganishe na la kwetu?" Unamwambia. Kisha: "Fungua menyu ya pesa. Bonyeza moja." Moja ni kutuma pesa, lakini yeye amekwishakuambia ni uhakiki. "Weka namba ya dawati letu." Hiyo ni namba ya simu anayopokelea hela. "Sasa weka namba ya uhakiki, andika: tatu, nane, tano, sifuri, sifuri, sifuri." Anazitaja tarakimu mojamoja kwa makusudi, maana angesema laki tatu na themanini na tano elfu ungeshtuka. Halafu linakuja lile lililokumaliza: "Sasa weka namba yako ya siri, lakini usinitajie mimi wala mtu yeyote, hiyo ni siri yako." Hapo moyo unatulia. Unasema huyu kweli ni wa Bodi, mbona ananilinda? Unabonyeza. Skrini ilikuandikia unatuma kiasi gani kwenda kwa nani, lakini yeye alikuwa anahesabu sekunde sikioni mwako na hukusoma.

Kwa hiyo rafiki zako wamekosea. Wao wanadhani anayepigwa, yaani anayetapeliwa, ni yule asiyelijua lile onyo la kutotaja namba ya siri. Wewe ulilijua, na tapeli alilijua pia.

Niongeze la kwangu, mhariri akipenda alikate. Mwaka wa tano wa kibanda, saa nne asubuhi, foleni imefika kwenye mti, mtu akanipigia akijitambulisha kwamba yuko makao makuu ya mtandao ambao siutaji, wanaboresha laini za mawakala. Nilifuata maelekezo yake huku namhudumia mteja kwa mkono mwingine. Floti, yaani salio langu la kuhudumia wateja, 640,000 yote ikaenda. Nilifunga dirisha, nikakaa chini sakafuni kati ya kreti za soda. Mume wangu sikumwambia kwa miezi miwili. Nilisema biashara imelala. Kilichoniuma zaidi ni hiki: jirani yangu fundi simu, ambaye benchi lake na dirisha langu havifiki hatua sita, alikuwa amepigwa na mtu yuleyule siku mbili kabla. Naye aliona aibu akanyamaza. Angelisema siku ile, mimi ningekata simu. Na mimi nilipokaa kimya, yule mama wa genge la ng'ambo ya barabara aliyekuwa amefungua uwakala wake wiki hiyohiyo akapigwa wa tatu.

Kuanzia hapo niliweka sheria. Mteja akija dirishani kuweka hela huku simu iko sikioni, simhudumii. Ninamwambia mtandao umekata, akae kwenye benchi dakika kumi. Ni uongo, Mungu anisamehe. Siku moja alikuja binti wa chuo, kajifunga mtandio, hazungumzi, simu kaibana kwa bega. Akanisukumia kijikaratasi dirishani: *niwekee 120,000 kwenye namba hii*. Nikamuuliza ni ya nani. Akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni: kaambiwa asiongee na mtu. Nikamwonyesha benchi. Alikaa, anatetemeka mguu. Dakika ya nne au ya tano hivi akaishusha simu, akaitazama, akaikata mwenyewe. Sikumwambia neno. Wapo walionitukana wakaenda kwa wakala mwingine, sitaki kukudanganya.

Wewe sasa fanya haya leo. Piga 100, ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yetu yote, uwaeleze muamala, namba na saa. Sikufichi, hela za namna hii hutolewa dakika chache baada ya kuingia, lakini ikibaki hata elfu kumi kwenye laini ile wanaweza kuizuia. Nenda polisi ukafungue jalada, upewe RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Bila RB hakuna atakayekusikiliza baadaye. Namba ya tapeli ipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa meseji kwenda 15040. Na ukitaka kumjua mtu wa mtandao wa kweli, akikupigia namba itakuwa 100, si 07 wala 06 ya kawaida. Bodi ikiwa na jambo na wewe, ofisi ya mikopo ipo hapohapo chuoni, nenda kwa miguu.

Bodi inahesabu chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku. Umepoteza siku thelathini na nane. Mwambie mshauri wa wanafunzi kabla hujaanza kushinda njaa, na uwaambie wenzako wa chumbani hadithi nzima kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na zile tarakimu zilizotajwa mojamoja.

*

*Mama Wakala, habari za kazi. Niko mwaka wa tatu. Mwezi wa pili nilijiunga na programu moja ya kuangalia video za matangazo. Unaweka 50,000, unaangalia video tano kwa siku, unalipwa. Kweli nililipwa, nilitoa 30,000 wiki ya pili. Nikawaingiza wenzangu watatu wa geto, kila kichwa nikapewa 8,000. Sasa programu haifunguki, grupu limefungwa, na msimamizi ananiambia nilipe 40,000 ya kodi ndipo akaunti yangu ifunguliwe. Nilikopa laki moja kwenye programu ya mikopo ili niongeze mtaji. Hao nao wanawatumia meseji ndugu zangu kwamba mimi ni mwizi. Wenzangu wanataka hela zao. Je, nina deni nao?*

Hiyo 40,000 usilipe. Hakuna kodi inayolipwa kwa msimamizi wa grupu. Na akitokea "mwanasheria" au "kijana wa IT" anayesema anaweza kukurudishia hela zako kwa ada kidogo, jua orodha ya waliopigwa imeuzwa na wewe umo.

Sasa ile 30,000 uliyotoa. Kaa na hilo kidogo. Nani anamlipa mtu wa Dodoma kwa kuangalia video tano? Hukuuza kitu, hukulima, hukusafirisha. Ile hela ilikuwa ya mtu aliyejiunga baada yako. Yeye akalipwa na wa nyuma yake, na wa nyuma yake naye. Mwaka 2009, wakati serikali inaisimamisha DECI, mchezo wa upatu wa enzi hizo, shoga yangu mmoja wa kanisani alikuwa amepanda "mbegu" mara mbili na kuvuna mara moja. Lugha ilikuwa ya shamba, kupanda na kuvuna, na viongozi wake walikuwa wachungaji, nani angewashuku? Februari 2025 polisi wakawakamata watu mikoa kadhaa kwa ajili ya LBL, mchezo wa namna hiyohiyo wa kwenye simu. Hapo hakuna mbegu tena, ni video kama zako. Kanga ileile, jina limebadilika.

Wewe ni msomi, chukua kalamu. Tuseme kila mtu aingize watano tu. Wewe unaleta 5, hao wanaleta 25, hao 125. Endelea. Duru ya kumi na moja peke yake inahitaji watu 48,828,125. Ukijumlisha wote tangu mwanzo ni 61,035,155. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, na vichanga ndani. Duru kumi na moja tu, nchi imekwisha, na wale wa duru ya mwisho, ambao ndio wengi kupita wote waliotangulia wakijumlishwa, hawana wa kumwingiza. Sisemi kila aliyekuingiza alijua hesabu hiyo. Mwenye programu aliijua.

Deni na wenzako. Umeniuliza wazi, nakujibu wazi, hata kama wengine watanipinga. Hukuwaibia kwa kukusudia. Lakini uliwaonyesha nini mpaka wakakubali? Uliwaonyesha meseji ya 30,000 iliyoingia kwenye simu yako. Tangazo lilikuwa wewe. Rudisha kwanza 24,000 uliyolipwa kwa vichwa vyao, leo, mbele ya wote watatu, kila mmoja 8,000 yake. Hiyo haina mjadala. Ile 50,000 ya kila mmoja, kaeni mzungumze kama watu wanaolala chumba kimoja. Mimi ningesema umbebe kila mmoja sehemu, polepole, hata kwa zamu za kupika. Halafu nendeni polisi wote wanne pamoja, maana wanne wenye meseji za kuonyesha wanasikilizwa kuliko mmoja anayelia.

Kuhusu mkopo wa simu, mitaani tunauita kausha damu na jina limewafaa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tazama tovuti ya Benki Kuu kama wako wamo kwenye wenye leseni. Ile laki uliyoichukua uliichukua, usijifanye hukuichukua. Lakini kuwatangazia shangazi na wahadhiri wako kwamba wewe ni mwizi hakumo kwenye mkopo wowote halali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tume yake ipo. Piga picha zile meseji zote, peleka malalamiko. Na kwenye simu yako ingia uinyime ile programu ruhusa ya majina uliyohifadhi. Uliiruhusu mwenyewe siku ya kwanza, kwa kubonyeza "kubali" bila kusoma.

*

*Mama, naomba jibu fupi. Dalali amepata chumba kizuri Makulu, elfu arobaini kwa mwezi, kina tailizi. Anasema watu ni wengi, nitume elfu ishirini kukizuia, nitakiona nikifika. Bado niko Bukoba. Nitume?*

Usitume. Chumba cha bei hiyo chenye tailizi kinazuiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Mwombe mtu wa kozi yako aliyepo Dodoma aende, asimame ndani ya chumba, akupigie simu ya video huku mwenye nyumba akiwepo. Dalali akikataa hilo, umeshapata jibu, na elfu ishirini yako inakutosha ubwabwa wa njiani.

*

*Nje ya geti kuna kijana ana mwavuli anasajili laini. Aliniambia alama ya kidole haijashika, nikarudia mara nne. Sasa nasikia watu wanasema huo ni mchezo. Ni kweli au ni maneno ya watu?*

Inawezekana kabisa kuwa ni kweli: kila unaporudia kidole anaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako. Huhitaji kubishana na mtu, simu yako inakujibu. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaotumia. Mashine hugoma, ndiyo, wenye mikono ya jembe wanalijua hilo, lakini mara nne kwa kijana wa miaka ishirini, nina shaka. Ukikuta namba usiyoijua, beba kitambulisho uende duka la mtandao wenyewe, si kwa mwavuli, uwaambie waifute.

Nasisitiza hili kwa sababu yule aliyempiga binti wa barua ya kwanza hakutumia laini yenye jina lake. Alitumia jina la mtu fulani kama wewe. Polisi wakifuata namba, mlango utakaogongwa ni wa geto lako. Ndiyo hivyohivyo kwa wale wanaowaombeni "nipitishie hela kwenye akaunti yako, utakula asilimia kumi". Asilimia kumi hiyo ni ujira wa kukamatwa kwa niaba yake.

*

*Shikamoo dada. Mimi ni mama mkulima, Namanyere. Mwanangu yuko chuo Dodoma. Juzi imekuja meseji: "Mama simu yangu imeanguka kwenye maji, natumia hii ya rafiki, usinipigie haina spika. Nimezuiwa mtihani kwa ajili ya ada, tuma 180,000 kwenye namba hii, jina litakuja la rafiki." Nilishauza debe za mahindi, nikawa njiani kwenda kwa wakala. Bahati mtoto akapiga kwa simu yake kunisalimia, mzima kabisa. Nitajuaje siku nyingine ambayo hatapiga?*

Marahaba dada, na pole kwa mshtuko. Tazama ile meseji ilivyopangwa: usinipigie. Kila kitu kingine ni pambo. Mtihani, ada, maji, vyote vimewekwa ili usitafute sauti ya mtoto. Ada halali ya chuo, dada, hailipwi kwa namba ya rafiki. Inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotoka chuoni, ile yenye tarakimu nyingi, na mwanao anaweza kukutumia ukalipa moja kwa moja bila hela kupita mkononi mwa mtu. Mwombe muhula ujao mfanye hivyo.

Pili, usiwe na namba moja tu ya mtoto. Mwambie akupe ya mwenzake wa chumbani na ya mwakilishi wa darasa lake, uziandike kwenye karatasi ukutani, karibu na kalenda. Simu ya mwanao ikizama kwenye maji kweli, kuna mtu atakayemwita aje azungumze. Hakuna mtihani duniani unaomzuia mtoto kumsalimia mama yake kwa sekunde kumi.

Na siku ambayo hata hizo hazipatikani, muwe na swali. Mkae naye likizo, mchague jambo la nyumbani kwenu ambalo halipo Facebook wala kwenye cheti: yule jogoo aliyemfukuza akadondoka kisimani, ndoo iliyopotea siku ya msiba wa babu, nani alikula nyama ya Krismasi kabla ya wageni. Meseji ikija na shida yoyote ile, wewe unauliza hilo kwanza. Mtoto wako hatakasirika, atacheka. Tapeli atakwambia hana muda wa maswali, mtihani unaanza.

Mimi na mwanangu tunalo letu tangu mwaka aliojaza ile orodha ya WhatsApp. Mara moja alinijaribu, akatumia namba ngeni kuniomba elfu kumi ya vocha. Nikamuuliza swali. Akakosea makusudi ili aone nitafanya nini, na vocha hakupata, hadi leo ananidai.